Siku Nilipolitoa Bwawa Ardhini

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tano, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nilipofungua geti la nyumba moja pale Sydenham, mtaa wa hapa Durban, na kukuta bwawa la kuogelea limetoka ardhini. Usicheke bado, mwanangu. Sikusema maji yametoka. Nimesema bwawa lenyewe, zima zima, na kuta zake za bluu na ngazi yake ya chuma, lilikuwa limenyanyuka upande mmoja hadi usawa wa goti langu, na vigae vilivyolizunguka vimepasuka na kutawanyika kwenye majani. Nilisimama pale na mfuko wangu wa mkate mkononi. Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba kuna mtu ameniroga. La pili ni kwamba kosa hili lina mwenyewe, na mwenyewe huyo nimemfahamu tangu nizaliwe.

Nakusimulia haya kwa sababu nyinyi vijana mnaofika Durban kila mwaka kutoka Goma, Bukavu na Uvira, mkija kwangu kuomba kazi ya mabwawa, nikiwauliza kama mnaijua mnanijibu kabla sijamaliza swali. "Najua, Mzee!" Mnalijibu kwa furaha kabisa. Moyo wangu hushtuka, maana nalikumbuka jibu hilo lilipotoka kinywani mwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na miezi minane tu tangu niingie mji huu. Nililinda magari ya watu wa ofisi za meli karibu na bandari. Kanisani nilikaa kwenye kwaya, sauti ya pili, na huko ndiko nilikomfahamu Papa Anselme. Alikuwa shemasi wetu, mtu wa Uvira, mpole, mwenye kuongea taratibu hadi ukatamani kummalizia sentensi. Kwa miaka miwili alikuwa akitunza bustani na bwawa la mwalimu mkuu mstaafu, mjane wa Kihindi tuliyemwita Anti Saroj. Kazi hiyo ilikuja na vyumba viwili nyuma ya uwanja, na humo aliishi na mkewe, Mama Riziki, na watoto watatu. Elewa jambo hilo vizuri, maana uzito wote wa hadithi umekaa hapo. Kazi na vyumba vilikuwa kitu kimoja. Kimoja kikiondoka, cha pili hakibaki.

Basi Papa Anselme akaugua ngiri, na hospitali ikampangia siku ya kupasuliwa. Wakati huohuo Anti Saroj alikuwa anasafiri kwenda kwa binti yake Johannesburg kwa wiki mbili, na aliagiza bwawa litayarishwe kwa ajili ya baridi kabla hajarudi. Jumapili baada ya ibada Papa Anselme akanivuta pembeni.

"Deo, kazi ya pisini unaijua?" akaniuliza. Ndivyo sisi Wakongo tunavyoliita bwawa la kuogelea. "Juu kama hujui, niko na siku tatu za kukuonyesha mbele niingie hospitali."

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kugusa bwawa la kuogelea maisha yangu yote. Nilikuwa nimeliona moja kwa mbali, kwenye hoteli, nikiwa nje ya ukuta. Lakini wewe ni Mkongo mwenzangu, unakijua kile Kifungu cha Kumi na Tano. Hakikuandikwa kwenye katiba yoyote, na bado kila mtoto anayezaliwa kwetu anakifahamu kabla ya meno kuota. Kinasema jitafutie mwenyewe. Ukiulizwa kama unaendesha lori, unaendesha. Ukiulizwa kama unashona suti, umeshona nyingi sana. Utajifunza huko mbele ya safari, mradi kazi isimwendee mwingine.

"Papa," nikamwambia, "mi njo fundi wa pisini. Kule Bukavu nilikuwa naishika kila siku. Usijichokeshe kunionyesha."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, Papa. Sharp," nikaongeza, kama watu wa Durban wasemavyo mambo yakiwa sawa.

Akanitazama kidogo. Alikuwa ameshafungua mdomo kuniambia jambo, nami nikamkata kauli, nikamshika mkono, nikamtakia upasuaji mwema. Akashukuru Mungu mbele yangu kwamba amempata mtu wa kuaminika. Nilipokea shukrani hiyo bila aibu yoyote, nikaenda zangu kula.

Siku ya kwanza kazini nilipigana na mashine. Utazizoea zile mashine zinazofagia chini ya bwawa, zenye bomba refu la mpira. Mimi sikuwa na habari. Niliona kitu kinatambaa chini ya maji, kinagonga tuk-tuk-tuk, kinapanda ukuta kuja upande wangu, na nyuma yake mkia usiokwisha. Nikachukua reki. Nilikipiga mara nne kabla Mama Riziki hajatoka jikoni akipiga kelele kwamba nakiua kitu cha Anti. Nilimwambia nilikuwa nakijaribu nguvu. Kuanzia hapo nilikuwa nikipita karibu na mashine ile kwa heshima.

Sasa kutayarisha bwawa kwa baridi ni nini? Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikafikiri, na hapo ndipo mtu wa Kivu peke yake angeweza kukosea namna nilivyokosea. Baridi ya Durban inaangukia miezi ileile ya kiangazi cha kwetu. Na kwetu, mwezi wa tano ukiisha na mvua ikikatika, sisi vijana wa misheni tulikuwa tunalimwaga birika kubwa la mapadri hadi tone la mwisho, tunashuka ndani na brashi na majivu, tunalisugua likang'aa, na linakaa tupu likingoja mvua. Birika la mapadri lilikuwa na maji. Bwawa la Anti Saroj lina maji. Miezi ni ileile. Nikaona kazi yote imejieleza yenyewe, nikajipongeza.

Nikafungulia pampu imwage. Ilipofika mahali haivuti tena, nikamaliza kwa ndoo, siku mbili nzima, naimba nyimbo za kwaya zote mpaka nikarudia za Krismasi. Mama Riziki alikuja mara moja na kitenge chake kiunoni, akachungulia.

"Papa yao hatoaka maji," akasema. "Anapunguzaka tu saa za mashini, anaweka dawa, anafunika. Maji inabakia."

"Mama, Papa anafanya kama mtu wa bustani. Mi nafanya kama fundi."

Akarudi jikoni. Alikuwa mwanamke wa adabu, na adabu yake siku ile ilitugharimu sote. Nikasugua bwawa kwa sabuni ya unga hadi likanukia kama shati jipya, nikalala chali chini kabisa nikitazama mawingu, nikijiona mtu aliyefika. Kisha nikafunika kila kitu kwa turubai. Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni.

Mvua ilianza usiku ule. Ilikuwa mvua ya mwisho mwisho, ya kukosea msimu, na haikukatika Jumamosi yote. Jumapili kanisani ilikuwa bado inapiga mabati hadi mchungaji akapaza sauti. Ulipofika wakati wa ushuhuda, mimi nikasimama. Ndiyo, nilisimama mwanangu, mbele ya kanisa zima, nikamshukuru Mungu aliyenipa akili ya kazi za mikono, nikasema hakuna mlango unaofungwa mbele ya mwenye maarifa. Watu walipiga makofi. Akina mama wawili walinitazama kwa macho ya kuwa na binti nyumbani.

Jumatatu asubuhi ndipo nilipofungua lile geti.

Mama Riziki alikuwa ameshatoka nje, amesimama kwenye majani yaliyolowa, mikono yote miwili kichwani. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniuliza tu, "Deo, sasa tutalala wapi?" Watoto wake walikuwa dirishani na sare zao za shule, wananitazama mimi na bwawa, bwawa na mimi. Tangu nianze kudanganya, sikuwa nimewafikiria watoto wale hata mara moja.

Lakini Kifungu cha Kumi na Tano bado kilikuwa ndani yangu. Nikakimbia kwenye simu ya barabarani, nikaita wanaume wanne wa kwaya, wote walinzi wa magari kama mimi. Mmoja wao ni Mulamba, mtu wa sauti ya chini kabisa na tumbo la kuhimili sauti hiyo. Mawazo yangu yalikuwa mepesi. Kama bwawa limepanda juu, linahitaji uzito lishuke. Tukaingia wote watano, tukajipanga upande ulionyanyuka, nikahesabu moja, mbili, tatu, tukaruka. Hatukuruka pamoja. Mulamba akasema hatuwezi kuruka pamoja bila wimbo, akaanzisha, sisi tukaitikia, na kila mwisho wa mstari tukaruka na kutua kwa kishindo. Bwawa halikushuka hata unene wa kidole. Lilianza kuyumba. Kisha likapiga mlio chini yetu, kra, na ufa ukatembea polepole kutoka kisigino cha Mulamba hadi kwenye ngazi.

Tulikuwa bado tumeganda pale ndani tulipoona kichwa juu ya ukuta. Alikuwa mzee jirani, amevaa fulana, kikombe cha chai mkononi. Akauliza kwa Kiingereza kama hii ni ibada. Nikamwambia hapana, ni matengenezo. Akanieleza, taratibu kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba mvua ikinyesha sana ardhi inajaa maji, na maji hayo ya chini hulisukuma bwawa juu. Maji yaliyomo ndani ndiyo uzito unaolikalisha mahali pake. Ukilimwaga, linaelea.

"Mzee, uliniona nikimwaga siku mbili," nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. "Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka," akajibu. "Lakini ulikuwa unaimba kwa uhakika sana, nikadhani unajua."

Mchana nikaenda hospitali na machungwa manne. Njiani, ndani ya taksi, nilikuwa nimetengeneza uongo mzuri. Nilipanga kusema ni tetemeko la ardhi. Mtu wa Kivu akitaja tetemeko huaminika, maana kwetu ardhi hutikisika kila mara na hakuna anayeuliza sababu. Papa Anselme alikuwa amelala chali, nyuzi mbichi tumboni, akatabasamu kuniona. Nikamweleza habari ya tetemeko kwa kirefu.

"Eish," akasema. "Hiyo tetemeko ilifika hapa hospitali?"

"Hapana, Papa."

"Kwa jirani?"

"Hapana."

"Iliingia kwa geti ya Anti, ikatafuta pisini, ikatoka?"

Nikainamia machungwa yangu. Akaniuliza kama niliacha maji ndani. Nikasema sikuacha. Akaniuliza lilipanda kiasi gani, nikamwonyesha goti langu. Akaniuliza tena nilifanyaje, na nilipofika kwa Mulamba na wimbo, uso wake ukaanza kukunjamana. Nikadhani analia. Kumbe anacheka na hataki kucheka, amebana tumbo kwa mikono miwili, anasema, "Acha, Deo, nyuzi zitakatika, acha!" Nesi akaja akanikaripia. Mimi nami nikaanza kucheka, nikiona nimesamehewa.

Kicheko kikamwisha ghafla. Akafuta macho.

"Siko na hasira juu ya pisini," akasema. "Pisini ni kitu. Niko na hasira juu ya ile siku ulinikata maneno. Nilikuwa nakuambia maji isitoke. Ilikuwa hapa, kwa mdomo." Akagusa midomo yake kwa kidole. "Unajua namna nilipata ile kazi? Tulikuwa batu sita kwa geti. Anti akauliza kila mutu, unajua pisini? Batano bakasema banajua. Mi nikasema sijui, Mama, lakini nionyeshe. Akafukuza bale batano. Akakaa kwa kiti wiki nzima ananifundisha sawa mtoto ya shule. Ile nyumba watoto wangu banalala ndani, niliipata na neno moja. Na weye umeona haya kulisema kwangu, mi sawa baba yako."

Mwanangu, nimegombezwa na maaskari, nimegombezwa na wakubwa wa kila rangi. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia mbele ya mtu yule aliyelala akishika tumbo lake. Nililia na machungwa yangu mapajani. Nikamwomba tumwambie Anti habari ya tetemeko, angalau ili vyumba vibaki.

"Apana," akasema. "Utamuambia weye mwenyewe. Na uanze na lile neno."

Anti Saroj alirudi Jumamosi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye fimbo, nyonga zake zimechakaa, na daktari alimwambia aogelee kila siku joto likiruhusu. Bwawa lile halikuwa la fahari kwake, lilikuwa miguu yake. Alilizunguka mara mbili, akigonga ukingo kwa fimbo. Mama Riziki alisimama mlangoni kwake na watoto nyuma yake, na nyuma yao, kupitia mlango ulioachwa wazi, niliona masanduku yao mawili yameshafungwa kamba.

"Nani alikwambia umwage maji?" Anti akauliza.

Nilikuwa nimeisoma sentensi yangu ya Kiingereza usiku kucha. Ikapotea yote. Nikasema nilichobaki nacho. "Hakuna mtu. Nilisema najua. Sikujua. Papa Anselme alitaka kunifundisha, nikamkatalia. Sijui chochote kuhusu bwawa, Anti."

Alinitukana, usifikiri hakunitukana. Alinitukana kwa Kiingereza cha mwalimu, kilichonyooka, na nashukuru nusu yake sikuielewa. Alipochoka akavuta kiti cha plastiki, akaketi, akaegemeza mikono juu ya fimbo.

"Anselme hajaniongopea hata siku moja," akasema. "Mwambie mkewe afungue masanduku yale." Kisha akanigeukia. "Wewe utakuja kila siku yako ya mapumziko hadi bwawa hili lirudi. Mafundi wakija, utasimama nyuma yao na utauliza. Jioni ya siku hiyo utaniletea maswali kumi na majibu yake kwenye daftari."

Mafundi walitoka karakana moja ya Mobeni, na nadhani walitamani kunizika chini ya lile bwawa jipya kwa maswali yangu. Anti alisahihisha kwa kalamu nyekundu. Jioni ya kwanza nilipata nne kati ya kumi, na pembeni ameandika kwamba mwandiko wangu ni wa kuku. Lakini jambo nililojifunza zaidi halikuwa kwenye daftari. Majira ya joto yaliyofuata yalianza kabla kazi haijaisha, na nilimwona mama yule akipanda ngazi tatu za nyumba yake akisimama kila ngazi, akishika ukuta kwa maumivu, kwa sababu mimi niliona haya kusema neno moja. Hakulalamika mbele yangu. Nilikuwa nageuza uso.

Bwawa lilijaa maji wiki mbili kabla ya Krismasi. Papa Anselme alikuwa ameshapona, amesimama na ndoo ya dawa. Anti akatoka na taulo begani, akasimama ukingoni, akaniuliza mimi, si Papa Anselme, kama maji yako salama aingie.

Yalikuwa meupe, yanang'aa hadi chini. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. Nikatazama nyonga zile.

"Sijui, Anti," nikasema. "Ngoja nipime."

Nikapiga magoti, nikachota maji kwenye chupa ya kupimia, nikatia matone, nikangoja rangi, nikamwonyesha Papa Anselme, naye akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikamwambia Anti aingie. Akashuka ngazi moja moja, maji yakamfika kifuani, akaachia fimbo, akaelea chali na macho amefumba. Papa Anselme akaweka mkono wake begani kwangu na hakuutoa.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, na nakupa bila kuipamba. Ukiulizwa jambo usilolijua, sema hulijui, tena siku ileile ya kwanza, kabla hujashika jembe wala ndoo ya mtu. Mwenye kukupa kazi kwa uongo wako hajakupa kazi wewe. Amempa mtu ambaye hayupo, na siku ya mvua atamtafuta na kukukuta wewe. Mkubwa akifungua mdomo kukufundisha, mwache amalize, hata akiongea polepole, maana neno analotaka kukwambia linaweza kuwa lile linaloshikilia paa la watoto wake. Na kama umeshaharibu, nenda ukaseme mwenyewe, ukianza na kosa lako, usianze na mvua. Aibu yake inauma siku moja, nami ni shahidi kwamba inapona. Nenda sasa. Mungu akuweke mikononi mwa watu wenye subira ya kukuonyesha, akupe magoti mepesi ya kuinama kujifunza hata ukiwa na mvi kama zangu, na kila nyumba utakayoingia kufanya kazi, uiache watu wake wakilala salama ndani yake. Amina.